Mchanga Ulipofuta Nyayo

Kolmanskop ni mji uliohamwa katika jangwa la Namib, karibu na Lüderitz, nchini Namibia. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi karibu na hapo, na mji ukainuka upesi. Maji yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town! Kufikia 1956 wakazi wote walikuwa wameondoka.

Tulikwenda wauguzi watatu. Tukiwa bado hospitalini, ambamo siku hizi halali mgonjwa, mwenzetu alitangulia peke yake kufuata njia ya zamani kuelekea nyumba za mwisho, bila kofia wala maji. Upepo ukavuma. Tulipotoka kumfuata, nyayo zake zilikuwa zimefutika. Tuliita mpaka koo zikakauka. Tukamkuta ameketi kivulini, midomo imekauka, kichwa kinamgonga. Tulimnywesha maji kidogo kidogo.

"Nilidhani narudi sasa hivi," alisema.

Sisi tunaowaonya wagonjwa kila siku tulinyamaza. Mama mwenzetu, jangwani usiende peke yako. Beba maji, na uage. Nyumbani kuna wanaokungoja.