Kuchora nako ni kazi?

Huku Mzinga tuna mjadala mzito. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anataka kuwa mshauri nasaha anayetibu watu kwa sanaa. Baba anauliza: "Kuchora nako ni udaktari?" Na ada inanitazama mimi, mwandishi wa mshahara wa kijungujiko.

Jina la fani hiyo lilitolewa mwaka 1942 na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyeugua kifua kikuu, akaona kuchora kunamliwaza kitandani. Wala si mambo ya Wazungu tu: kule Lutindi, Korogwe, kazi za mikono ni sehemu ya matibabu ya wagonjwa wa akili.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimewahi kukaa na watoto waliofiwa, nikauliza, wakanyamaza. Mtoto huyohuyo mpe penseli, atachora nyumba isiyo na mlango. Hapo ndipo anahitajika mtu aliyesomea kusikiliza, asiyekimbilia kutafsiri.

Nimeamua: ada nitalipa. Aanze na saikolojia, brashi asiiache. Baba tutaelewana naye polepole.