Kazi Isiyo na Kengele

Wastaafu wenzangu wakiniuliza mwanangu wa tatu anafanya kazi gani, huwajibu kwamba anaandika. Huuliza tena: anaandika vitabu? Nasema hapana, anaandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Hapo mazungumzo hukatika, tukarudi kwenye bei ya alizeti. Kazi ya dereva inajulikana, ya mganga inajulikana, na ya ualimu kila mtu anadhani anaijua. Kazi ya mtunzi wa programu za kompyuta haionekani, na mwenye kazi isiyoonekana ni mwepesi kulaumiwa. Ndiyo maana nimeona vema niandike machache niyajuayo juu ya maisha yake, pengine yatawafaa wazazi wenzangu ambao watoto wao wameshika kazi hiyo.

Kizazi chetu hakikukua na mashine hizi. Nilipomaliza masomo katika Chuo cha Ualimu Kinampanda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompyuta ilikuwa jambo la kusikia. Wizara ya Fedha ilikuwa imeanza kuitumia tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1990. Mwanangu alizaliwa mwaka 1985, marufuku ikiwa ingalipo. Alimaliza chuo kikuu mwaka 2009, na Julai ya mwaka huo huo mkongo wa kwanza wa mawasiliano upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Basi kitu kilichokuwa kimekatazwa alipozaliwa ndicho kilichokuwa jembe lake alipofika umri wa kulima.

Sehemu kubwa ya kazi yake ni mifumo ya taarifa za afya. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ameviona vile vitabu vikubwa ambavyo muuguzi huandika jina la mama, umri wa mtoto na chanjo aliyopata. Hivyo ni vitabu vya MTUHA. Kila mwisho wa mwezi hesabu zake hujumlishwa na kupelekwa wilayani, na huko huingizwa katika kompyuta, katika mfumo uitwao DHIS2. Mbegu ya mfumo huo ilipandwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na hapa kwetu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuueneza, hata kufikia mwisho wa mwaka 2013 ukawa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara. Mwanangu ni mmoja wa vijana wengi wanaounda na kurekebisha programu za namna hiyo. Hesabu zisipojumlishwa sawasawa, wilaya inaweza kuletewa chanjo chache kuliko watoto ilionao. Kosa dogo katika mstari mmoja linaweza kumnyima usingizi siku tatu. Nilipolielewa hilo, niliacha kumwambia kwamba anacheza na mashine.

Tofauti ya kazi yake na yangu ni kengele. Nilifundisha kwa miaka thelathini na minane, ishirini na mmoja kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na shule zangu zote zilikuwa na kengele. Moja ilikuwa rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Kengele ya jioni ikishapigwa, mtoto alikuwa mali ya mzazi wake, nami nilikuwa mali ya nyumba yangu. Madaftari ya kusahihisha niliyachukua, ni kweli, lakini hakuna daftari lililowahi kuniita usiku wa manane. Kazi ya mwanangu huita. Wenzake wako Dar es Salaam, Malawi na Norway. Oslo ikiwa saa tisa alasiri majira ya baridi, huku kwetu ni saa kumi na moja na jua linashuka. Wao wana mengi ya kumaliza wakati sisi tunafungia mbuzi. Na kwa kuwa kompyuta yake ni ya kubeba begani, hakuna mahali anapoweza kusema, "Ofisi iko mbali."

Mwaka 2022 mama yake, mke wangu, alipatwa na kiharusi. Kijana alikuja akakaa nasi miezi mitatu hapa kijijini, kaskazini ya Singida Mjini, akiwa na kazi yake begani. Mkewe na watoto wawili walibaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Umeme ulikuwapo, lakini mtandao ndani ya nyumba ulikuwa wa kubahatisha, naye akagundua kwamba unashika vizuri juu ya jabali lililo nyuma ya zizi. Akapandisha kiti. Watu waliopita njiani walimwona mtu mzima amekaa juu ya jiwe katika upepo wetu huu wa Singida, akizungumza peke yake kwa Kiingereza. Mzee mmoja alinijia faraghani kuuliza kama tumempeleka hospitali mgonjwa mmoja tu au wawili.

Kicheko hicho hakikudumu. Mwezi wa pili ukoo ulikaa kikao. Shemeji zangu walisema kijana amekuja mwili tu. Mama analala ndani, yeye yuko jabalini. Wageni wanakuja kutoa pole, yeye anainua mkono kwa mbali. Rafiki zake aliosoma nao shule ya msingi, mmoja sasa ni dereva wa bodaboda na mwingine analima vitunguu, walilalamika kwamba kwenye harusi na misiba mchango wake hutangulia kwa simu, lakini mwenyewe hafuati. Mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kwa siku nne, alisema neno moja tu kwa sauti ya chini: "Baba, hata nyumbani yuko hivi." Neno hilo lilinyamazisha watu kuliko hotuba zote.

Kikao kilitaka aache kazi arudi, au atozwe fedha ya kumweka mtu wa kumhudumia mama yake. Niliposimama niliwaambia kwamba yote mawili hayatatusaidia. Fedha kijana anatoa, na kwa fedha hiyo ndiyo dawa zinanunuliwa. Akiacha kazi, nani atanunua? Na tukimtoza zaidi, tutakuwa tumemfundisha kwamba deni la mama hulipwa kwa simu. Nikasema tumdai saa. Saa moja kila siku, inayojulikana, ambayo hata Norway wakiita hawampati. Kisha nikamgeukia mwenyewe nikamwuliza ni saa ipi anayoweza kuiapia. Alifikiri kwa muda mrefu, maana saa aliyokuwa akiitaka mama yake ilikuwa ndiyo ile ile ambayo wenzake wa mbali humhitaji. Mwishowe akasema: "Saa kumi na mbili jioni, Baba."

Aliishika. Ikifika saa hiyo alishuka na kiti chake, akaiacha simu chumbani kwangu, akamnywesha mama yake uji na kumnyoosha mkono uliolegea kama mganga alivyotuelekeza. Jioni moja simu ile ililia mara kumi na moja, niliihesabu. Hakuinuka. Baadaye aliniambia mfumo wa nchi moja ulikuwa umesimama, na kwamba alikuwa akijua wangemlaumu. Walimlaumu. Aliporudi Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni ndiyo aliyopiga simu, kila siku, hadi mama yake alipofariki mwezi Machi 2023. Mwisho wake alikuwa haongei, lakini saa hiyo aligeuza uso kuelekea simu ilipowekwa.

Sisemi kwamba mambo yamenyooka. Watoto wake nao wanadai saa yao, na mkwe wangu amechoka kungoja. Safari za nje zinaendelea. Niliwahi kumwomba anisimulie Oslo, akanisimulia chumba cha mikutano. Safari ya kuja kwetu imekuwa nyepesi: tangu Agosti 2024 hupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha basi hadi Singida. Zamani ilikuwa ni siku nzima ndani ya basi, hana la kufanya ila kulala na kuzungumza na jirani wa kiti. Sasa ndani ya treni hufungua kompyuta. Njia imefupika, lakini muda uliookolewa umemezwa na kazi ile ile.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na kijana huyu ameshika manne: kazi, nyumba, rafiki na safari. Mzazi hawezi kumpokea hata moja. Analoweza ni kuijua kazi ya mtoto wake kiasi cha kuweza kudai kwa haki. Asiyeijua hudai yote, au kwa kuogopa huacha kudai kabisa, na kijana akadhani hadaiwi.

Desemba iliyopita mjukuu wangu wa miaka kumi alikuwa hapa. Nilimwuliza baba yake anafanya kazi gani. Akajibu, "Anaongea na watu wa mbali." Nilimwambia baba yake ampeleke zahanati ya kijiji siku ya kliniki. Walikwenda kwa miguu. Muuguzi aliwafungulia kitabu cha MTUHA, akamwonyesha mtoto safu ya chanjo, naye baba yake akamweleza zile namba zinakokwenda zikitoka pale. Walirudi saa saba, wamechelewa chakula. Sikuwauliza walikuwa wapi muda wote huo.