Kompyuta haikuchukii, inakupigia hesabu

Wadau wa gemu za mikakati, zile za wachawi, mazimwi na mapanga, hasira hii mnaijua. Una jeshi zima uwanjani, halafu kompyuta inawaruka wote inaenda kumvamia mchawi wako mmoja, tena yule dhaifu. Mwenzangu wa geto, jina kapuni, aliamini kabisa kwamba inamuonea. Alikuwa anacheza The Battle for Wesnoth, gemu ya bure iliyoanza mwaka 2003, na kila usiku lazima nisikie, "Unaona sasa? Mimi tu!"

Kiukweli haimuonei mtu. Zamu yake ikifika, kompyuta inapitia mashambulizi inayoweza kufanya na kupima: nikimpiga huyu atakufa? Ana thamani gani? Na mimi nitaumia kiasi gani? Hilo la mwisho lina kipimo chake. Kikiwa 1, haijali kabisa hasara yake. Kikiwa 0, inayapima maumivu yake sawa na yako. Kawaida kimewekwa 0.4, yaani ina ubishi kidogo.

Sasa mchukue yule mchawi anayeitwa Dark Adept. Kwa mashambulizi ya aina ya mbali ni balaa, ila silaha ya mkononi hana kabisa. Ukimfuata na panga hakurudishii hata kofi. Kwa hesabu ile, huo ni mteremko.

Uchawi nao unapigiwa hesabu hiyo hiyo. Shambulio la kichawi lina nafasi ya asilimia 70 ya kumpata adui popote aliposimama. Mshale wa kawaida unategemea eneo, aliyejibanza kwenye ngome anaukwepa sana. Kwa hiyo ukijificha vizuri, anayefaa kutumwa kwako ni mchawi.

Udhaifu wake? Inachagua jambo lenye alama nyingi sasa hivi, inalifanya, inapiga hesabu upya. Mtego wa zamu tatu mbele haipangi. Ndiyo maana nilimwambia jamaa: usimuache mchawi peke yake mbele. Kila askari ana pande sita za kushambuliwa, zizibe kwa watu wenye ngao. Mchawi ni yule yule, lakini bei ya kumfikia imepanda.

Mbona nayaandika haya? Kwa sababu jamaa huyu huyu ndiye anayetaniwa kuliko wote kwenye grupu letu la WhatsApp. Kazi aliyoachishwa, mchumba aliyeondoka, vyote vimegeuzwa stika. Yeye huwa hajibu. Usiku mmoja, macho kwenye skrini, akaniuliza, "Kwa hiyo hata wale hawanichukii?"

Nilikaa kimya kwanza. Wengi wao hawamchukii, nawajua. Wanampiga kwa sababu hakuna kinachorudi. Lakini nikimwangalia alivyokonda miezi ile, sioni hiyo tofauti inamsaidia nini. Panga ni panga, liwe la chuki au la hesabu.

Kesho yake stika ilipoingia, nikajibu mimi. Dada mmoja asiyechangiaga kitu akafuata, "Jamani, imetosha." Mwingine naye akaongeza. Dakika kumi baadaye watu walikuwa wanabishana mambo ya mpira.

Jamaa hakuandika chochote. Ila usiku ule alipika yeye, bila kuambiwa.

Haya, kwenye grupu lenu, asiyejibu ni nani?