Muhuri Juu ya Tarakimu

Mimi, mzaliwa wa Mombasa nisiyeona tangu utotoni, nikaaye sasa Leicester, husomewa nyaraka zangu na kompyuta, kwa programu ya bure iitwayo NVDA, ambayo huyatamka maandishi ya kwenye skrini hata yakiwa ya Kiswahili, ijapokuwa kwa lafudhi ya bati inichekeshayo. Lakini herufi ndizo izisomazo, picha haizijui.

Madai ya kodi ya nyumba hapa Uingereza huyapata katika tovuti ya baraza la mji yakiwa maandishi halisi, wala si kwa wema wa makarani, bali kwa kanuni za mwaka 2018, zilizozipa tovuti kongwe za taasisi za umma muhula hadi tarehe 23 Septemba 2020 zijirekebishe ziweze kutumiwa na wenye ulemavu, na kuziwajibisha kuchapisha ikirari ya kasoro zao. Nami, kwa ile hulka ya kufurahia aibu za watu, huanza na hiyo ikirari.

Sasa sikiliza ya nyumbani. Ofisi moja iliniletea kwa baruapepe waraka wa kodi ya kiwanja changu, nami nilipoufungua, mashine ikatamka kuwa ukurasa ni mtupu. Karani alikuwa ameuandika kwa kompyuta, maandishi safi ambayo NVDA ingaliyasoma pasi na taabu. Kisha akauchapa karatasini, akautia sahihi na muhuri, akaupitisha kwenye skana, na picha ile ndiyo iliyonifikia, maana kwetu waraka usio na muhuri hauna itibari. Ziko programu za kubahatisha herufi zilizo ndani ya picha, na nilijaribu moja. Ila muhuri ulikuwa umeangukia juu ya tarakimu.

Basi nikasomewa na mpwa wangu kwa simu, kwa moyo mkunjufu ambao Leicester sijauona, na kabla ya magharibi shangazi wawili walikwisha nipigia kunipa pole ya deni. Asomewaye hana siri; ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia habari, wala hakikumpa sharti la kuazima macho.

Sisemi muhuri uondolewe. Enyi makarani, lile faili mliloliandika kabla ya kuchapa msilifute: litumeni pamoja na picha.