Wosia wa Lupango

Watoto wangu, nanyi watoto wa ndugu zangu,

Mmeanza kupokea mshahara, na kila mkikutana ni habari ya kununua lupango, kiwanja cha kujenga nyumba za kupangisha. Sawa. Ila nasikia mnauliza bei kwanza, kisha mtaa, kisha aina ya bati. Mimi nataka muulize karatasi.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali. Mnachonunua ni haki ya kuitumia, na inayoithibitisha ni setifika ya usajili itokayo kwa konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya komine si setifika. Karatasi ya chifu kule komine ya Annexe si setifika. Mauziano mliyoandikiana mbele ya mashahidi, hata wawe wachungaji watatu, ni mauziano tu. Komisyoneri, yule dalali, atawaambia ni kitu kimoja. Yeye hulipwa siku mnapotoa makuta, kesi ikija hayupo.

Kwa hiyo, kabla ya dola hata moja, pelekeni namba ya lupango kwa konsevateri. Ulizeni lupango una jina la nani na kama umewekwa rehani. Kisha nendeni uwanjani na mpimaji wa kadasta. Msisimame barabarani mkinyoosha vidole. Fyekeni majani, mtafute mawe ya mpaka kwenye kila pembe, yapimwe mkiwa hapo. Ongeeni na jirani wa nyuma, maana wa mbele huenda kashaombwa awasifie. Na mrudi Januari mvua ikinyesha. Wakati wa kiangazi kila lupango ni mkavu.

Muuzaji akiwa na mke, mke naye atie saini. Mkimaliza kwa noteri, badilisheni jina mwezi uleule. Setifika ikipita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana mtu kuwatoa.

Tuje kwenye makuta. Benki zipo: Rawbank, Equity BCDC, na TMB iliyozaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2004. Lakini mkopo wa nyumba humtafuta mwenye mshahara unaopitia kwao, na rehani huandikwa juu ya setifika. Mnaona, nimerudi palepale. Hata mkiupata, pigeni hesabu mkiweka na miezi ambayo chumba kitakaa bila mtu. Mkopo wa dola wa miaka michache hautalipwa na kodi ya vyumba viwili vya komine ya Katuba. Banque Lambert, mkopo wa riba kubwa wa mtaani, msiiguse kabisa. Likelemba, ile ya kuchangiana kwa zamu, naikubali, kwa bati na saruji, na iwe na watu mnaofanya nao kazi.

Wakati wa Wabelgiji, wazee wa Katuba walijenga kwa utaratibu wa Grévisse: unakopeshwa, unajenga mwenyewe, unarudisha kidogo kidogo. Siusifu utawala ule, ila hesabu yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Nanyi anzeni na vyumba viwili nyuma ya lupango, kodi yake inunue matofali ya cha tatu. Choo kiwe mbali na kisima. Mita ya SNEL muigawe mapema, maana ugomvi wa wapangaji huanzia kwenye umeme.

Garanti anayoweka mpangaji wa nyumba ya kuishi, kwa sheria ya mwaka 2015, haizidi miezi mitatu. Najua wenye nyumba wengi mjini hudai zaidi. Ninyi msidai, wala msiile. Makuta yale ni ya mpangaji, siku moja atayataka. Ushuru wa mapato ya kupangisha upelekeni DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo, mtunze risiti.

Kuhusu yetu wenyewe: setifika ziko kwa shangazi yenu, nakala kwa noteri. Nikiondoka, pasiuzwe hata tofali kabla majina hayajabadilishwa kwa konsevateri. Katika nyumba hii ataishi mama yenu mpaka mwenyewe aseme basi. Mwenye haraka ya kugawana, akapange kwingine.

Baba yenu