Ndoo ya Getini

Kijana aliyeletwa kutoka Bungoma kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kando ya Mto Nile, mjini Juba, aliiona ndoo ya plastiki yenye bomba imesimama juu ya kigoda cha chuma karibu na geti, akauliza kama ni masalio ya korona. "Mzee, hii si tuitupe tu?" Mzee aliyeulizwa ni mwandishi wa makala haya, na swali lile lilimkera hadi chai ikampoa mkononi. Ndoo hiyo, au tuseme nyanya yake ndoo hiyo, ilisimama pale kijana akiwa bado chekechea.

Mwandishi alizoea kuwaambia watu kwamba alifika Juba wakati wa mvua, mwaka 2006. Juzi alikitafuta kibali chake cha safari, kile cha karatasi kilichokuwa kikitolewa Nairobi na ofisi ya serikali ya Sudan ya Kusini enzi hizo, akakuta kimegongwa muhuri wa Machi. Machi Juba haina mvua ya maana. Basi na iwe Machi. Matope anayoyakumbuka huenda ni ya mwaka uliofuata, au ya miaka yote.

Asichoweza kukosea ni harufu. Kipindupindu kilikuwa kimeanzia Yei mwishoni mwa Januari mwaka ule, kikafika Juba Februari, na kila mlango uliokuwa na mgeni nyuma yake ulinuka klorini. Aliyetoka kazini Diani, pwani ya Kenya, alikozoea harufu ya chumvi na mafuta ya nazi, alidhani ameingia hospitali. Kumbe ameingia hoteli.

Hoteli yenyewe ilikuwa mahema. Yalipangwa safu mbili chini ya miembe, kila moja na kitanda, chandarua na feni iliyozunguka pale tu jenereta lilipotaka. Usiku mmoja ulizidi dola 100, tena dola za noti mpya. Iliyochakaa ilirudishwa kwa mwenyewe kama samaki aliyeoza. Kwa pesa hizo Diani ungelala ukitazama bahari. Juba ulilala ukisikiliza vyura, na asubuhi ulipanga foleni ya kuoga maji yaliyovutwa na pampu kutoka mtoni, yakatulizwa kwa shabu na kutiwa klorini. Mwandishi alikuwa mtunza stoo. Vitunguu, mayai, karatasi za msalani, maji ya chupa: vyote vilikuja kwa lori kutoka Uganda. Lori likikwama njiani, wageni wa dola 100 walikula maharage kama askari.

Nje ya geti, chini ya mwembe mkubwa kuliko yote, alikaa mama chai. Jina lake libaki kwake. Alikuwa na viti vinne vifupi vilivyosukwa kwa kamba za plastiki, jiko la mkaa aliloliita kanun, jebena moja ya udongo kwa kahawa, na makopo ya tangawizi, mdalasini na karkade. Kiswahili alikipata Kakuma, kambini, alikokaa ukimbizini miaka mingi, na alikisema kwa haraka, bila kuzijali ngeli, akichanganya Kiarabu cha Juba pale neno lilipochelewa. Mwandishi alimwita mama. Yeye alimwita mwandishi Bwana Stoo, kwa heshima yenye hila, kwa sababu klorini ilikaa stoo.

Kila Jumatatu aliomba vijiko viwili. Alikuwa na jerikeni lake lenye bomba, alilitundika kwenye tawi, na hakuna aliyepewa kikombe kabla hajanawa. Wafanyakazi wa mashirika waliokuja kufundisha watu kunawa mikono walifundishwa kunawa mikono na mama chai. Tangawizi yake ilipanda puani pamoja na moshi wa mkaa na ile klorini, na mpaka leo mwandishi akinusa kitu kimoja kati ya vitatu hivyo, viwili vilivyobaki hufuata vyenyewe.

Alihesabu biashara ya hoteli kwa vikombe, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya mhasibu. "Bwana Stoo," alisema siku moja, "mtu wa kamera anakunywa kikombe moja, anapiga picha tatu, anaenda. Mtu wa kipindupindu anakunywa tatu, na kesho anarudi."

Mtu wa kipindupindu hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgeni mwenye kitambulisho shingoni, aliyeletwa na ugonjwa.

Ilimchukua mwandishi muda kuelewa jinsi sentensi ile ilivyopindua yote aliyoyajua kuhusu kazi ya hoteli. Pwani ya Kenya, ugonjwa ukitangazwa tu, hata kama uko nchi ya tatu, simu za kufuta nafasi huanza kulia. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, upande wa pili kabisa wa bara, na bado watalii waliahirisha safari za Serengeti na Maasai Mara, kana kwamba Afrika ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Juba ilikwenda kinyume. Kipindupindu kikitangazwa, mahema yalijaa. Mafuriko yakitangazwa, waliongeza vitanda. Lo-sizoni, ile miezi ya Aprili hadi Juni ambayo wafanyakazi wa Diani hurudishwa makwao bila mshahara, Juba haikuwepo. Hoteli ziliishi kwa msiba, na sisi tuliokula mshahara wake hatukupenda kulisema kwa sauti.

Si kwamba watalii wa kweli hawakutarajiwa. Mwaka 2007 watafiti waliruka kwa ndege ndogo juu ya Boma na Badingilo wakarudi na habari kwamba wanyama ambao dunia ilidhani wameliwa wote vitani wapo, na wanahama kwa makundi ya mamia ya maelfu. Meneja wa kambi yetu ya mahema alichapisha kipeperushi chenye picha ya swala wa masikio meupe. Sudd, kinamasi kinachoanza kaskazini ya Juba na kuenea kilomita za mraba zipatazo 57,000, ilikuwa imekwisha kuingizwa mwaka mmoja kabla katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika 2012, na mtu akaweza kunywa chai ya asubuhi kwa mama chai na mchana akawatafuta tembo wa Hifadhi ya Nimule. Waliokwenda Terekeka kuwapiga picha Wamundari na ng'ombe wao wenye pembe kama matao walirudi na majivu kwenye nywele na furaha ya mtoto. Hawakuwa wengi. Lakini walikuja kwa sababu walitaka kuja, na mama chai, pamoja na hesabu zake zote, aliwapikia wao kahawa ya jebena bila haraka.

Kisha ikaja Desemba 2013, na vita vikazuka Juba.

Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa tena Juba. Uongozi wa kambi, kwa hofu ya jina lake, uliwakataza wageni kunywa au kula chochote nje ya geti. Mama mwenye jerikeni safi kuliko jiko letu akakaa wiki tatu bila mteja wa ndani. Mwandishi hakupinga. Alipeleka klorini kama kawaida, akaiweka juu ya kiti kitupu, akarudi stoo.

Kuanzia hapo ndoo haikuondoka tena, ilibadilishwa sababu tu. Kipindupindu 2015. Kipindupindu tena kuanzia katikati ya 2016, kikadumu hadi mwishoni mwa 2017, kikawapata watu zaidi ya 20,000 na kuua 436. Uwanja wa ndege, ambao kwa miaka abiria walishukia katika hema lenye sakafu ya mbao zilizolia, uliwekewa vipimajoto vya Ebola kabla haujawekewa mkanda wa mizigo. Jengo jipya lilifunguliwa Oktoba 2018, miezi michache baada ya Ebola kuzuka Kivu Kaskazini, kwa hiyo vipimajoto vikahamia humo navyo. Na hapa kijana wa mapokezi angefaa kujua jambo: Ebola haikuwa mgeni wa nchi hii. Mwaka 1976, miezi miwili hivi kabla ya kuzuka Yambuku ya Kongo, iliwaanza wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara, karibu na Yambio, ikaenda Maridi, ikawapata watu 284 na kuwaua 151. Aina ile ilipewa jina la Sudan. Ilipozuka Uganda 2022, na tena Kampala Januari 2025, magazeti ya Ulaya yaliandika "virusi vya Sudan", na mtu aliyekuwa akifikiria kuja kuona swala akafunga ramani.

Korona haina mengi. Anga lilifungwa Machi 2020, mgonjwa wa kwanza akathibitishwa tarehe 5 Aprili, madereva wa malori wakarundikana mpakani Nimule wakisubiri majibu ya vipimo, na kwa mara ya kwanza bei ya kitunguu Juba ilipangwa na maabara. Kwa mara ya kwanza pia msiba haukuleta wageni, kwa kuwa wageni wenyewe ndio waliofungiwa.

Maji yalistahili kuogopwa zaidi.

Wengi hudhani Nile inapanda Juba kwa mvua ya Juba. Inapanda kwa mvua ya Kisumu, Bukoba, Mwanza na Jinja, inayojaza Ziwa Victoria, ikashuka Kyoga na Albert, ikafika hapa baada ya muda kama deni lililokwisha kusahauliwa. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilipata joto lisilo la kawaida, mvua ya vuli ikanyesha bila kupumua, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kikipita ile 13.41 ya mwaka 1964 ambayo wazee walidhani haitaonekana tena. Mwandishi hucheka kidogo akifikiri kwamba bahari ya kwao Diani ndiyo iliyomfuata mpaka stoo yake Juba. Hucheka, lakini magunia 12 ya mchele yaliloa.

Safu ya chini ya mahema iliondolewa. Ngazi ambayo wageni walikalia kutazama jua likizama ikawa chini ya maji. Mhudumu mmoja aliyetoka Kampi ya Samaki, Baringo, alikoona ziwa likimeza hoteli chumba baada ya chumba, alitazama mto asubuhi moja akasema, "Haya yatarudi kidogo, halafu yatakuja tena," akaanza kupanga nguo zake. Alisema kweli. Mwaka 2021 mafuriko yaliwagusa watu zaidi ya 800,000 nchini, Bentiu ikawa kisiwa. 2022 wakafika kama milioni moja. Wafugaji wa Bor waliofukuzwa na maji walishuka na ng'ombe wao kusini hadi Magwi, wakagombana na wakulima, na njia ambazo kipeperushi cha meneja kilikuwa kimezichora kwa rangi ya kijani zikawa njia za kuulizia usalama kwanza. Wageni walioletwa na mafuriko wakapata tabu ya kulala: walikuja kuyapima, wakayakuta yameingia bustanini.

Ule mwembe wa mama chai ulisimama majini misimu miwili. Mwembe huvumilia kiangazi, hauvumilii miguu kulowana mwaka mzima. Ulipukutika kuanzia juu. Yeye alihamia karibu na soko la Konyokonyo, na mwandishi alimtembelea mara chache kuliko alivyoahidi.

Kambi ilivunjwa. Pale pana jengo la vioo vya buluu, madirisha hayafunguki, na vyumba vya bei ghali vimeelekezwa kwenye maegesho ya magari badala ya mtoni. Chupa za plastiki zimejaa ukingoni tele. Joto nalo limeacha kuwa mazungumzo ya wazee: Machi 2024 shule zilifungwa nchi nzima, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai darasani hapa Juba. Katika jengo la vioo, umeme ukikatika, wageni hushuka kukaa kwenye ngazi wakijipepea kwa menyu.

Oktoba 2024 kipindupindu kilitangazwa Renk, kikapanda na Nile na barabara hadi Juba, kikawa kikubwa kuliko vyote alivyoviona mwandishi. Alisubiri vitambulisho shingoni. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada, mashirika yakafunga ofisi, na vyumba vikabaki na funguo zake ubaoni. Ugonjwa ulikuja peke yake.

Kuhusu wanyama, Juni 2024 shirika la African Parks, lililokabidhiwa Boma na Badingilo mwaka 2022, lilitangaza hesabu ya kutoka angani: karibu swala milioni 6 wanaohama, milioni 5 kati yao wakiwa wale wa masikio meupe, pamoja na nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Nyumbu wa Serengeti hawafiki nusu ya hapo. Badingilo inaanza si mbali na daraja la Juba.

Kwa hiyo anayetaka kuja na aje. Achague Desemba au Januari, kwa sababu kabla ya hapo njia bado ina maji, na baadaye joto halifai. Aulize kwanza hali ya usalama, alete kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dola zisizokunjwa, na kibali cha kupiga picha akitafute kabla hajatoa kamera mfukoni. Chai ya tangawizi ipo Konyokonyo. Ndoo haikutupwa, iko mkono wa kushoto ukiingia, na kijana wa Bungoma ndiye anayeijaza.