Vyura Wangu wa Plastiki

Watu wengi wana desturi ya kukusanya vitu. Mmoja hukusanya tembre za barua, mwingine sarafu za zamani, mwingine picha za wachezaji wa mpira. Mimi nakusanya vyura. Msicheke kwanza! Si vyura wenye uhai. Ni sanamu ndogo za plastiki, zilizofanywa ili watoto wazichezee. Sasa ninazo 73. Zimepangwa katika kabati la vioo, karibu na vitabu vyangu vya shule, hapa Lubumbashi. Nataka kuwaeleza kwa nini mtu mzima, mwalimu tena baba wa watoto wanne, atoe franka zake kwa kitu kama hiki.

Kwanza mjue kwamba sipokei kila chura. Kuna vyura wa kuchezea wenye kofia, wengine wanacheka kama watu, wengine wameshika gitaa. Hao nawaachia wenye kuwapenda. Mimi namtaka chura anayefanana na chura, hata mtu akimwona kwa ghafula katika majani ashtuke. Sanamu za namna hiyo ni chache, na kuzitambua ni kazi yenye utamu wake.

Hii ndiyo njia yangu. Nikiona sanamu sokoni, kwanza nahesabu vidole. Chura ana vidole vinne kwa kila mkono na vitano kwa kila mguu. Mchongaji mvivu huweka vitatu kila mahali, au vitano kila mahali, kama vya mtu. Pili natazama nyuma ya jicho. Vyura wengi wana duara pale, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ndilo sikio lao. Kwa chura mkubwa wa Marekani, yule ambaye sauti yake yafanana na ya fahali, duara hilo la dume ni kubwa kuliko jicho, na la jike lalingana na jicho. Ninaye mmoja ambaye mchongaji wake alijua neno hilo: ni dume kabisa, hakuna shaka. Tatu natazama mboni ya jicho. Vyura wengi wana mboni iliyolala, lakini chura wa miti mwenye macho mekundu, anayekaa Amerika ya Kati, mboni yake imesimama kama ya paka. Sanamu iliyokosea hapo, nairudisha mezani kwa muuzaji, hata kama rangi zake ni nzuri.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja tu, chura. Katika vitabu vya Kifaransa vya shule, watoto wetu hukuta majina mawili, grenouille na crapaud, nao huuliza tofauti ni nini. Zamani nilichora ubaoni, wakapiga miayo. Sasa nachukua sanamu mbili, nawapa mikononi. Huyu wa kwanza ana ngozi laini na miguu mirefu ya nyuma. Huruka mbali, hukaa karibu na maji. Huyu wa pili ni mnene, miguu yake mifupi, ngozi yake kavu yenye vipele, na nyuma ya kila jicho ana uvimbe mrefu. Katika uvimbe huo mna maziwa ya sumu. Sumu hiyo haimpati mtu kwa kumgusa chura tu, wala haileti chunjua mikononi kama watu wasemavyo. Lakini ikiingia jichoni au mdomoni ni mbaya, na mbwa anayemuuma chura huyo aweza kufa. Kwa hiyo nawaambia watoto: ukimshika, nawa mikono. Hayo huwaingia kichwani kwa dakika tano, kwa sababu vidole vyao vimeugusa ule uvimbe wa plastiki.

Labda mwauliza vitu hivi vyatoka wapi. Wangu karibu wote nimewapata katika soko la Kenya, katika mifuko ya vitu vya watoto vilivyokwisha kutumiwa Ulaya na Marekani. Mara nyingine nalipa franka 1.000, mara nyingine muuzaji ananipa bure, akinihurumia. Wengi wana jina la mtengenezaji chini ya tumbo. Kampuni ya Safari Ltd, iliyoanza mwaka 1982 katika Florida, huuza mirija ya plastiki iliyo wazi kama kioo, na ndani yake mna wanyama wadogo wa jamii moja. Mrija mmoja una vyura wa sumu wa Amerika peke yao. Huko Japani kampuni ya Kaiyodo ilifanya sanamu ndogo mno za wanyama wa nchi yao, zikafichwa ndani ya mayai ya chokoleti yaliyouzwa tangu mwaka 1999. Mchongaji wake, Shinobu Matsumura, alifuata kila unyoya na kila gamba. Inasemwa kwamba sanamu za mayai hayo ziliwafanya hata watu wazima kununua chokoleti bila hamu ya kuila!

Kazi yenyewe ni hii. Mchongaji hufinyanga mfano wa kwanza kwa udongo au nta. Kutokana na mfano huo hufanywa kalibu ya chuma. Plastiki ya moto husukumwa ndani ya kalibu, ikipoa hutolewa, kisha hupakwa rangi. Nyingi hupakwa katika viwanda vya China, na bado mkono wa mtu unahitajiwa kwa nukta ndogo za macho. Kila nikitazama jicho la chura wangu nafikiri kwamba mfanyakazi fulani, asiyejulikana nami, alishika burashi akalitia nukta hiyo, kisha akamshika mwingine, na mwingine.

Ili plastiki iwe laini, hutiwa dawa ya kulainisha. Baada ya miaka dawa hiyo hutoka pole pole, na sanamu huanza kunata vidoleni. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulikataza baadhi ya dawa hizo katika vitu vya kuchezea, kwa sababu zaweza kuwadhuru watoto. Sanamu za zamani zilifanywa kabla ya amri hiyo. Basi mtoto mdogo asizitie mdomoni, nanyi msiziache juani. Mimi naziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nazikausha kivulini.

Kwa jambo moja vyura hawa wote ni waongo, nalo ni ukubwa. Katika mrija mmoja wote wana urefu ule ule, kama askari waliopangwa. Lakini chura mkubwa kupita wote duniani, anayekaa katika mito ya Kameruni na Guinea ya Ikweta, aweza kupita sentimeta 30 na kilo 3. Na chura mmoja mdogo mno, aliyetangazwa mwaka 2012 kutoka Papua Guinea Mpya, ana urefu wa milimeta 8 hivi. Angeweza kulala juu ya ukucha wangu. Chura wa dhahabu wa Kolombia, ambaye Waembera walipaka sumu yake kwenye mishale yao midogo, ana sentimeta 5 tu. Kwa hiyo nimefunga kikaratasi shingoni mwa kila sanamu, nikaandika ukubwa wa kweli na nchi yake.

Ndipo ulipotokea mwaka ule swali la mtoto. Ilikuwa majira ya mvua. Nilikuwa nimewapeleka vyura kumi na wawili kalasini, na watoto walisoma vile vikaratasi kwa sauti: Kolombia, Suriname, Kosta Rika, Madagaska, Marekani. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema: «Mwalimu, na chura wetu yuko wapi?»

Hakuwamo. Katika 73 wangu hakuna hata mmoja wa Kongo. Mirijani wamo vyura wa nchi ambazo watoto hawa hawatazifikia labda, lakini yule anayelia nyuma ya darasa lao hakupata mtu wa kumchonga. Na tazama, nchi yetu inao wa ajabu! Katika misitu yetu yuko chura mmoja mkubwa, ambaye wataalamu wamempa jina Sclerophrys channingi. Mgongo wake una rangi na umbo kama kichwa cha piri wa Gabon, nyoka yule mnene wa sumu. Mwaka 2019 wataalamu waliandika kwamba anamwiga nyoka huyo, ili wanyama wenye njaa wamwogope. Hata akiudhiwa hutoa mlio kama wa nyoka anayetisha. Mchongaji gani asingefurahi kupata kazi kama hiyo?

Kutoka siku ile watoto hawakuniacha. Tulichukua udongo wa kichuguu, maana Katanga hatukosi vichuguu, tukaanza kumfinyanga chura wa uwanja wetu. Lakini huwezi kumfinyanga usiyemtazama. Wavulana wale wale waliozoea kuwapiga vyura mawe baada ya mvua, sasa walilala kifudifudi penye mfereji, wakinong’ona: «Usimsogelee, nahesabu vidole.» Sitawadanganya kwamba wote wamegeuka. Wako bado wenye kutupa mawe. Lakini mawe yamepungua, na wanaoyatupa sasa hukemewa na wenzao, si na mwalimu peke yake.

Kwa watu wazima ni vigumu zaidi, kwa sababu ya hofu. Mama mzee wa jirani yetu alikuja jioni moja kuomba chumvi, akaliona kabati, akarudi nyuma hatua mbili.

«Mwalimu, ile ni kitu gani?»

«Ni chura wa plastiki, Mama.»

«Chura ni chura. Mtu wa akili hamweki ndani ya nyumba. Anatumwa na watu.»

Sikubishana naye, maana ni mama yangu kwa umri. Nilimletea mmoja, nikauweka mkono wangu chini ya wake. Alimkwaruza kwa ukucha, akamgeuza, akatazama tumbo, kisha akaniuliza: «Na wa kweli, anakula nini?» Nikamwambia: mende, mchwa, viwavi, konokono wanaoharibu mboga. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba kwake yuko mmoja chini ya mtungi wa maji tangu juzi, naye alikuwa amemwagiza mjukuu wake amuue kesho. Nikamsihi amwache juma moja tu. Alimwacha, ingawa mpaka leo akipita karibu naye huinua nguo yake.

Kwa nini nasumbuka hivi kwa ajili ya mnyama ambaye wengi wamchukia? Kwa sababu vyura wanakwisha. Mwaka 2023 wataalamu walitoa hesabu ya jamii zaidi ya 8.000 za vyura na ndugu zao: katika kila jamii tano, mbili ziko hatarini. Misitu yakatwa, vijito vyachafuliwa, na kuna ugonjwa wa kuvu unaoshika ngozi, uliotajwa na wataalamu kwa jina lake mwaka 1999. Chura hunywa maji kwa ngozi, na kwa ngozi huvuta hewa. Ngozi ikiugua, mwili wote waugua. Huko Monteverde katika Kosta Rika alikuwako chura ambaye madume yake yalikuwa na rangi ya machungwa yenye kung’aa. Alitangazwa mwaka 1966. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1989, na mwaka 2004 akaandikwa kuwa amekwisha duniani. Hata miaka 25 haikutimia kati ya kutangazwa kwake na kutoweka kwake. Sasa mchongaji aweza kumfanya tena kwa plastiki, na vidole vyake viwe sawasawa, lakini sanamu hailii usiku wala haitagi mayai.

Kinyume chake, kwetu Kongo yuko chura mdogo wa matete wa Sankuru, ambaye hakuwa ameonekana tangu mwaka 1979. Wengine walidhani amepotea. Mwaka 2010 alionekana tena. Je, wangapi wengine wako katika mabwawa yetu, nasi hatujapata kuwatazama?

Basi ndugu msomaji, sikuambii ukusanye vyura wa plastiki, ingawa ukimwona mmoja mwenye vidole sawa sokoni, nitafurahi ukinikumbuka. Nakuomba jambo jepesi. Mvua ikinyesha jioni na chura akija mlangoni pako, usichukue jiwe wala chumvi. Lete taa. Mwite mtoto wako. Hesabuni vidole, tazameni sikio, tazameni uvimbe nyuma ya jicho. Kisha mwacheni aende zake, kwa maana ana kazi ya kufanya katika bustani yenu usiku huo.